Mbao za Mabenchi

Kabla ya kwenda Kitui niliamini kwamba Kenya hakuna mtu anayelala na njaa. Sote kijijini kwetu Usambara tuliamini hivyo. Ilikuwa miaka ile ambayo rafu za maduka yetu zilikaa tupu, nguo tukazifua kwa majani ya mpapai, na ukisikia sabuni imefika duka la ushirika unaacha chungu mekoni unakimbilia foleni. Aliyevuka mpaka akarudi alisimulia habari za sukari na mafuta ya kupikia kama mtu aliyeota ndoto nzuri. Kwa hiyo usharika wetu ulipotangaza kwamba mimi na mume wangu tumechaguliwa kwenda kutumika Ukambani kwa mwaka mmoja, shangazi yangu hakuuliza tutahubiri nini. Alinivuta pembeni akaniambia, "Ukirudi unikumbuke kwa mche wa sabuni."

Mume wangu alikuwa mwinjilisti, na kabla ya hapo alikuwa seremala. Ndiyo maana tulichaguliwa sisi. Wakristo wa Nunguni, kule kwenye milima ya Makueni, walikuwa wanalea kanisa changa huko chini kwenye ukame, kusini mwa Kitui, nao walitaka mtu wa kuhubiri ambaye pia anaweza kushika randa, kwa kuwa waumini wa kanisa hilo walikuwa wakiketi chini kwenye vumbi. Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya tu. Tulikuwa hatujafikisha miaka miwili ya ndoa na hatukuwa na mtoto.

Lakini kwetu watu hawakumjua mume wangu kwa useremala wala kwa mahubiri. Walimjua kwa kuombea wagonjwa. Mama akiwa na mtoto mwenye homa alimwita yeye kwanza, ndipo aende zahanati. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akaomba taratibu kama mtu anayezungumza na jirani. Watoto walimpenda. Wengine walikuwa wakimshika kile kiganja wasitake akiondoe.

Tulisafiri mwaka wa themanini na nne, mpaka ulipokuwa umefunguliwa si muda mrefu. Basi lililotutoa Voi lilisimama Kambu ili abiria wapate kula, na pale kando ya barabara kuu nikaona kwa macho yangu yale niliyosimuliwa: vibanda vimejaa sabuni zilizopangwa kama matofali, mikate, sukari, betri, mafuta ya kujipaka. Nilimshika mume wangu mkono. Akacheka. Kisha nikawaona wanawake waliokaa chini nyuma ya vibanda, kila mmoja na mtoto mapajani, hawauzi kitu wala hawanunui. Nilidhani wanasubiri basi. Basi letu lilipoondoka walikuwa bado wamekaa.

Nunguni tulikaa wiki moja, na wiki ile ilikuwa ya furaha. Kule juu kuna ukungu na baridi, na mashamba yamepanda milima kama kwetu, ingawa mwaka ule hata wao mahindi yalikuwa yamewanyaukia. Walitufundisha kusalimia. *Wi museo?* Nami nijibu, *Ni museo.* Walicheka Kiswahili changu, wakasema naongea kama redio. Siku ya kuondoka walitupakilia mbao kwenye lori, mbao za msaipresi walizopasua kutoka miti yao wenyewe, zikinuka utomvu. Mama mmoja mzee alizipiga zile mbao kofi moja kama anavyopigwa ng'ombe anayeuzwa, akasema, "Sasa watu wa Mungu watakaa kama watu."

Kutoka pale lori lilishuka, likashuka, kijani kikaisha. Sitasimulia sana tulivyoiona nchi ile. Miti ilikuwa imebaki miiba, na mto tuliouvuka ulikuwa mchanga mtupu wenye mashimo, na ndani ya kila shimo kulikuwa na kichwa cha mwanamke anayechota maji kwa kibuyu. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya njia, ngozi imekauka juu ya mifupa. Mume wangu alikuwa akiimba tangu Nunguni. Pale mtoni akaacha.

Tulipokelewa na mzee wa kanisa, mtu mfupi aliyefanya kazi reli Mombasa ujana wake, na kwa sababu hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi pale. Alitupa chumba kilichoungana na kanisa. Siku ya kwanza mke wake alituletea muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, na mahindi yenyewe yalikuwa ya njano, ya msaada, yaleyale tuliyokuwa tukiyapangia foleni nyumbani. Nikamwambia mume wangu, "Kumbe tumekuja kwa ndugu zetu." Wanaume wengi hawakuwepo. Walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi, na waliobaki walikuwa wazee, wanawake na watoto.

Mume wangu alianza kazi wiki ileile. Asubuhi tulizunguka nyumba kwa nyumba kuomba na watu, mchana alipiga randa chini ya paa la nyasi kando ya kanisa. Watoto walijazana kuokota maranda ya kuwashia moto, na aliwapigia hadithi huku akifanya kazi, wao wakicheka Kiswahili chake bila kukielewa chote. Akamaliza benchi la kwanza, akamaliza la pili. Yalikuwa mazuri, pembe zimelainishwa kwa msasa. Jumapili watu waliogopa kuyakalia.

Kisha surua ikaingia. Watoto waliokuwa na afya wangeugua wakapona, lakini wale hawakuwa na kitu mwilini cha kupigana nacho. Wa kwanza kufa alikuwa mjukuu wa mzee wa kanisa, mvulana anayejifunza kutembea. Mume wangu alikuwa amemwombea siku moja kabla. Mzee alikuja asubuhi akasimama kwenye maranda, akatazama mbao, akasema, "Mwinjilisti, nimezika watoto wangu kwa blanketi. Kama mbao iko, huyu nimzike kwa sanduku."

Nani angemkatalia? Mume wangu alilitengeneza siku ileile. Hakujua kufanya kazi ovyo, akalipiga msasa kama alivyopiga mabenchi. Maziko yalipokwisha wanawake walikuwa wanalizungumzia lile sanduku kwa sauti ya chini, namna lilivyokuwa jeupe, namna lilivyonuka vizuri.

Baada ya hapo wakaja. Walikuja wa kanisa letu, wakaja wa makanisa mengine, wakaja na wasio wa kanisa lolote. Alikuja mwanamke mmoja kutoka mbali, amembeba mtoto wake mgongoni kwa leso kama mtu anayekwenda sokoni, na alipofika ndipo tukaelewa kwamba mtoto hayupo hai. Mume wangu alimketisha kwenye benchi, akachukua kipimo. Siku hiyo ndipo mzee wa kanisa alipokasirika.

"Mwinjilisti, hii mbao ni ya kanisa."

"Hata ya mjukuu wako ilikuwa ya kanisa, mzee."

"Mjukuu wangu alibatizwa."

"Huyu amekufa kabla hajabatizwa. Nimwambie mama yake nini?"

"Mwambie watu wa Nunguni hawakutuma mbao tuzike nayo dunia yote."

 Mume wangu aliinama akaendelea na msumeno. Mzee alibaki amesimama kwa muda, halafu akaenda kumshikia ubao upande wa pili, kwa sababu ulikuwa unacheza. Walifanya kazi hivyo mpaka sanduku likaisha.

Sikumbuki ni lini hasa watoto waliacha kuja kuokota maranda. Niliona tu kwamba rundo linakua na upepo unalitawanya. Tukipita njiani walikuwa wanakimbilia nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mchezo. Siku moja nilimsikia mtoto mdogo anapiga kelele kwa lugha yao, na mke wa mzee wa kanisa, niliyekuwa naye, akageuza uso. Nilimbana mpaka akaniambia. Mtoto alikuwa amesema, "Mpimaji anakuja."

Sikumwambia mume wangu. Lakini hakuchelewa kujua.

Ng'ambo ya ule mto wa mchanga aliishi bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, msichana wa kiasi cha miaka sita ambaye mama yake alikuwa kibarua Mombasa. Tulisikia ameshikwa na surua, tukaenda. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujabisha hodi. Alikuwa mwembamba, shingo imejaa mishipa, na alishika miimo yote miwili ya mlango.

"Mama, wewe ingia," aliniambia. "Huyu, hapana."

"Susu, huyu ni mwinjilisti," nikasema. Susu ni bibi kwa Kikamba. "Amekuja kumwombea mtoto."

"Mimi najua yeye. Ni fundi ya sanduku." Kisha akaanza kutaja nyumba, akizionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono haikutaka kuachia mlango. "Pale aliingia, akashika mtoto kichwa. Jioni tukasikia nyundo. Na pale chini aliingia, akashika kichwa. Tukasikia nyundo. Hapa hataingia."

Mume wangu alivua kofia. "Sawa, mama. Nitaomba hapa nje."

"Hapana omba hapa. Enda kule kwa barabara."

Akaenda. Nilimwona amesimama juani kule mbali, kofia mkononi, hakujifunika kichwa. Nami nikaingia.

Msichana alikuwa amelala kwenye ngozi, macho yamegandamana kwa usaha, midomo imepasuka. Sikuwahi kumwombea mgonjwa peke yangu. Nilisema maneno machache, nikaona aibu kwamba ni machache, nikaomba maji yaliyochemshwa na chumvi. Nilimfuta macho mpaka kope zikaachana. Nikamnywesha uji kwa kijiko. Kesho yake nilirudi, na siku zilizofuata, na kila siku mume wangu alinisindikiza mpaka barabarani akasimama palepale. Siku niliyofika nikamkuta mtoto ameketi anatafuna ukoko wa chungu, nilitoka mbio kumpungia mume wangu mkono. Aliinua mikono yake yote miwili juu. Naamini siku ile alifurahi bila kitu kingine chochote moyoni.

Jumapili iliyofuata bibi alikuja kanisani, mara yake ya kwanza, amemshika msichana mkono. Wakati wa ushuhuda alisimama. Alisema kwa Kikamba, na mzee wa kanisa, aliyekuwa akitutafsiria kila Jumapili, alitafsiri sentensi ya kwanza: "Mungu amenisaidia, mtoto wangu amepona." Watu wakasema amina. Bibi akasema sentensi ya pili, na mzee akanyamaza. Lakini wakati huo tulikuwa tumekaa miezi ya kutosha kuelewa.

Bibi alikuwa amesema, "Na mimi nilifunga mlango."

Watu wakasema amina tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Mume wangu alikuwa ameketi mbele, akiwatazama.

Tuliporudi chumbani alikaa kwenye kitanda akaniuliza, "Uliomba maneno gani kwa yule mtoto?"

"Maneno ya kawaida. Apone."

"Na mimi huwa naomba hayohayo."

"Bwana, alipata uji na maji ya chumvi. Na surua ilikuwa inaisha."

"Wengine nao tuliwapa uji," akasema. Ilikuwa kweli. Tuliwapa.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye pale sokoni, mke wa mwenye duka, Mwislamu mwenye asili ya pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, kitamu, na nilikuwa nikienda kukaa naye ua wa nyuma ili tu nikisikie. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akichagua mawe kwenye mchele.

"Dada yangu," akasema, "sisi maiti hatumtilii sandukuni. Sanda, kisha mchanga, basi. Watu hawa wanakiogopa kile kisanduku, wanakiona hata kabla hakijaundwa. Mwambie mumeo akiache."

"Akikiacha watazika na nini? Mablanketi wameshayauza."

Aliingia dukani akatoka na jora la bafta nyeupe, akaniwekea mapajani. Nilimwambia hatuna cha kulipa. Akasema hajaniuliza.

Mume wangu alikubali kwa urahisi ulionitisha. Alifunga misumeno na randa ndani ya gunia akalisukuma chini ya kitanda. Waliofiwa baada ya hapo walikuja kwangu, nikawapimia kitambaa. Wengine walikubali, wengine walichungulia chini ya paa la nyasi kutafuta mbao, na kweli zilikuwa zimebaki chache, kisha wakaondoka bila kitu. Mzee wa kanisa alimwambia kwa upole, "Pumzika kidogo, ndugu yangu. Mama azunguke na wanawake. Mimi siamini hayo maneno, lakini watu wamechoka." Akapumzika. Aliendelea kuhubiri Jumapili kwa muda, kisha akamwachia mzee hata hilo, akawa anachimba. Alichimba mashimo ya kutega maji ya mvua ambayo haikuwepo, peke yake, tangu asubuhi mpaka jua linamwangusha.

Mvua ilikuja mwishoni mwa mwaka. Ilikuja kubwa, ule mto ukapiga kelele kama treni, na wanawake walicheza ngoma katika matope. Ndani ya majuma machache kulikuwa na mboga za porini, kisha kunde changa. Surua ilikwisha. Ni wakati huo ndipo wajumbe watatu wa Nunguni walipokuja kututazama, wamevaa makoti, viatu vimejaa tope jekundu. Waliingia kanisani wakakuta mabenchi mawili. Mmoja akauliza, si kwa ubaya, mbao nyingine ziko wapi.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatafuta maneno. Mzee wa kanisa, yule aliyemgombeza, akamtangulia. Alikwenda mlangoni akanyoosha mkono kuelekea kule kwenye ua wa minyaa, ambako yale makaburi madogo yalikuwa yameanza kuota nyasi.

"Ziko pale," akasema.

Wajumbe walitazama. Yule mama mzee aliyezipiga mbao kofi hakuwa miongoni mwao, nami nilishukuru. Waliomba pamoja nasi, wakala kunde zetu, na kabla ya kuondoka wakasema kwamba tumechoka na ingefaa Krismasi ituone nyumbani. Hawakusema kwa hasira. Pengine wangesema kwa hasira ingekuwa rahisi kwa mume wangu.

Siku ya safari watu wengi walikuja kutuaga. Walinivika begani kiondo kipya, wakanikumbatia, wakalia. Mume wangu walimpa mkono. Yule msichana alikuja na bibi yake, amenona mashavu, na nilipombeba, bibi alisogea akasimama katikati yetu na mume wangu, kama kwa bahati tu, akiwa anatabasamu.

Basi lilikuwa limeshapita Kambu. Mume wangu akaniuliza, akitazama nje, "Ungekuwa wewe ndiye yule bibi, ungenifungulia?"

Nikamwambia ningefungua. Nilisema haraka, na ilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Nyumbani usharika ulitupokea kwa kwaya. Walimpa nafasi asimulie, naye akasimama akasimulia yote kama yalivyokuwa, mabenchi, masanduku, bibi mlangoni. Hakuficha. Alipoketi mchungaji akaanzisha wimbo. Kwa muda akina mama waliendelea kumwita kwa watoto wao. Alikataa kwa adabu, kila mara akiwa na shughuli shambani. Wakaacha kumwita. Alirudi kwenye useremala, akatengeneza vitanda na milango, na aliyefiwa alijua aende kwa fundi mwingine.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wetu wa kwanza. Mume wangu alihamia kwa mdogo wake siku ile uchungu uliponianza. Alituma kuku, alituma kuni, alisimama uani kila jioni akauliza kwa sauti kama mtoto ananyonya. Mama yangu alimfokea, akamwita majina, akamwuliza ni mila ya wapi hiyo. Mwezi ulipotimia nilimfuata mwenyewe nikamwekea mtoto mikononi. Akamshika. Akamshika vizuri, akalia, akarudi nyumbani nami.

Lakini mtoto alipopata homa ya kwanza, aliondoka tena. Ikawa hivyo miaka yote, kwa yule na kwa wadogo zake waliofuata. Walikua wakijua kwamba ukiugua, baba anakwenda kulala kwa baba mdogo. Walidhani baba wote hufanya hivyo. Mimi ndiye niliyekesha nao, mimi ndiye niliyewawekea kiganja pajini, na wote wakapona, malaria, kikohozi, surua yenyewe. Hakuna hata mmoja tuliyempoteza. Nilimwonyesha hilo mara nyingi, nikamwambia tazama, watoto wetu wote wako hai. Naye alikuwa akinijibu kwa ile sauti yake ya taratibu, bila ugomvi, kwamba ndiyo, anaona, na ndiyo maana hatakuja karibu.